KUMBUKUMBU YA MAMA WA MUGONGO: ROSAMOND CARR (1912–2006)



Tunapokumbuka waliotutangulia, kwa kawaida tunawataja wazee waliozitunza familia zao mpaka siku ya mwisho. Safari hii sisi wa kamati tumemchagua mwanamke ambaye hakujaliwa kuzaa, lakini aliyeacha watoto wengi kuliko mzee yeyote tunayemjua.

Rosamond Halsey Carr alizaliwa mwaka 1912 huko New Jersey, Marekani. Ujanani alifanya kazi ya kuchora mitindo ya nguo mjini New York. Mwaka 1942 aliolewa na Kenneth Carr, Mwingereza aliyemzidi sana umri, na mwaka 1949 wakahamia Kongo, iliyokuwa bado koloni la Wabelgiji. Ndoa ile haikudumu. Angeweza kurudi kwao, lakini hakurudi. Katikati ya miaka ya 1950 alinunua shamba la pareto Mugongo, chini ya volkano, katika milima ya Gisenyi.

Pale Mugongo alifanya kazi na Sembagare, ambaye alianza akiwa kijana, akapanda hadi kuwa msimamizi wa shamba. Walikuwa pamoja kwa karibu miaka 50. Pareto ilipokosa faida, walilima maua na kuyauza hotelini.

Aprili 1994 yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mama Carr alihamishwa pamoja na wageni wengine, akafika Marekani. Sembagare alibaki, akanusurika kifo. Mwezi Julai umati mkubwa wa watu ulipita Gisenyi kuingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Katika msongamano ule watoto wengi waliachana na mikono ya wazazi wao. Wengine hawakuwa na mzazi wa kumtafuta tena.

Mwezi Agosti mwaka uleule, Mama Carr alirudi. Alikuta nyumba yake imeporwa. Tarehe 17 Desemba 1994, akiwa na umri wa miaka 82, umri ambao wengi wetu tungeomba tu kupumzika, aliligeuza jengo la kukaushia pareto kuwa makao ya watoto. Wakayaita Imbabazi, jina la Kinyarwanda lenye maana ya mahali mtoto anapopata upendo wa mama. Watoto wa Wahutu na wa Watutsi walilala chini ya paa moja na kula pamoja, wakati ambapo watu wazima wengi bado hawakuweza kukaa benchi moja.

Mwishoni mwa 1997 vita vya kaskazini-magharibi viliwalazimisha kuhama na kushuka Gisenyi mjini. Hata hapo makao hayakufungwa, na mwaka 2005 walirejea Mugongo. Mama Carr alifariki tarehe 29 Septemba 2006, akiwa na miaka 94. Kwa jumla Imbabazi ililea watoto zaidi ya 400.

Ndugu zetu, hatuandiki haya kwa ajili ya kusifu tu. Kambini nako huingia mtoto aliye peke yake. Yule jirani anayemlaza na watoto wake chini ya shitingi ile ile, akagawa unga ule ule mdogo, anafanya kazi ya Mama Carr, ingawa hana shamba wala jengo. Tunamshukuru.

Lakini tunamwomba jambo moja. Mtoto huyo aandikishwe: jina lake, majina ya wazazi wake, kijiji alichotoka, na mahali walipoachana. Usiogope kwamba kumwandikisha ni kunyang'anywa. Kituo si bora kuliko nyumba. Rwanda yenyewe tangu 2012 imeamua watoto walelewe katika familia kuliko katika vituo. Ila huenda mama yake yuko hai ng'ambo ya mpaka, naye anamtafuta, na bila jina lililoandikwa hatampata kamwe. Kumlea mtoto wa mwenzako ni pamoja na kumtunzia njia ya kurudi kwao.

Mungu amlaze Mama Carr mahali pema.

Kamati ya Kambi