H. G. Wells, mzee wa vita vya sakafuni

Ushawahi kupanga vifuniko vya soda kama jeshi kwa korido ya ploti, halafu mkagombana nani amekufa? Ugomvi huo H. G. Wells aliutatua kitambo. Ndiyo, yule mwandishi wa hadithi ya wavamizi kutoka Mars.

Alizaliwa Uingereza 1866, kwa familia iliyokuwa na duka lakini haikuwa na pesa. Akiwa kijana tu, akapelekwa kufunzwa kazi kwa duka la vitambaa, akaichukia kabisa. Chuo cha sayansi London nacho alikitoka 1887 bila digrii, aliipata 1890. Hapo mimi namwelewa sana.

1913 akatoa kitabu cha sheria, Little Wars. Dadu hakuna. Askari wa miguu anasonga futi moja, wa farasi mbili. Mzinga mdogo wa springi unarusha kijiti cha mbao, ukiangushwa umekufa. Mzinga usipokuwa na watu wanne karibu, haufyatui. Kila zamu inapimwa kwa saa, usikae ukiwaza hadi giza liingie. Jaribu na vifuniko vyako, utaona inaenda mbio.

Alitaka wenye uchu wa vita wamalizie hasira sakafuni. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na yeye mwenyewe akaviunga mkono, eti vitamaliza vita vyote! Huku kwetu wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa maelfu wakibebea jeshi mizigo. Kariokor ilipata jina kwao. Kwa zile futi na zamu zake, mpagazi hayuko.

Wells alifariki 1946, vita vingine vikubwa vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu.