Herode Alikufa na Ugonjwa Gani?

Jumapili iliyopita, nikihubiri Mathayo 2, nilisema kwamba Herode Mkuu alioza figo kwa sababu Mungu alimlipa damu ya watoto wa Bethlehemu. Nimerudi kusoma, na nina la kurekebisha.

Huyu mtu tunamjua. Roma ilimfanya mfalme wa Wayahudi, akajenga bandari ya Kaisaria na kulijenga upya hekalu la Yerusalemu. Lakini nyumbani kwake, jameni! Alimuua mkewe Mariamne, akaamuru wana wawili aliozaa naye wanyongwe, na siku tano tu kabla hajakata roho akamuua Antipatro, kifungua mimba wake. Alifia Yeriko mwaka 4 K.K., akiwa na miaka kama 70.

Habari za ugonjwa wenyewe tunazipata kwa Yosefo, Myahudi aliyezaliwa miaka 40 hivi baadaye. Anataja homa, kuwashwa mwili mzima, maumivu ya tumbo, miguu kufura, kupumua kwa shida, viungo kukakamaa, na sehemu za siri kuoza mpaka zikatoa funza. Walimpeleka kwenye maji moto ya Kaliroe, wakamtia katika mafuta ya vuguvugu, akazimia.

Madaktari wa leo wanabishana. Wako waliosema kisukari, wako waliosema saratani. Mwaka 2002 daktari wa Marekani, Jan Hirschmann, alianzia kwa kule kuwashwa: magonjwa ya ndani yanayomwasha mtu mwili mzima si mengi, na figo zilizochoka zinaeleza karibu dalili zote. Ule uozo tu ndio aliuhesabu kuwa ugonjwa wa pili. Mimi naona hapo ameshika penyewe.

Sawa, figo. Lakini adhabu niliiongeza mimi. Mathayo anasema tu Herode alikufa, basi. Aliyepigwa na malaika akaliwa na chango ni mjukuu wake, Herode Agripa, katika Matendo 12. Niliwachanganya.

Sasa, kuna ndugu yetu hapa kanisani anayeenda kwa mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, kwa sababu figo zake hazifanyi kazi. Siku hiyo alikuwa ameketi mbele akinisikiliza, na wengi mkageuka kumtazama. Nilienda kwake Jumanne, akanipokea vizuri. Lakini nilikosea mbele ya watu, kwa hivyo namwomba msamaha hapa pia, mbele yenu.