Rubani wa Dar aliyeanguka jangwani

Ndugu zangu mnaosoma hapa Cardiff, pale Roald Dahl Plass mmeshapita mara ngapi? Huyo bwana tunamjua kwa vitabu vya watoto, Matilda na vinginevyo. Mimi nilidhani ni mtu wa huku huku tu, kumbe aliwahi kuishi Dar es Salaam, Kiswahili akakijua, na urubani akajifunzia Nairobi!

Alizaliwa Llandaff mwaka 1916, wazazi wake wakitoka Norway. Kampuni ya mafuta ya Shell ilimpeleka Tanganyika mwaka 1938. Maisha yenyewe yalikuwa ya kikoloni, nyumba kubwa, mpishi na maboi. Vita ilipoanza mwaka 1939 akaendesha gari toka Dar mpaka Nairobi (na barabara za siku zile, jamani!) akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye kindege cha mazoezi kichwa kilichomoza juu ya kioo.

Tarehe 19 Septemba 1940, huko Misri, alipewa Gladiator, ndege ya kivita ya mtu mmoja, aipeleke kwenye kikosi chake namba 80. Alipotua Fuka kuongeza mafuta akaelekezwa kiwanja kilipo. Akaruka, akafika, akakuta mchanga mtupu. Akazunguka weee, jua likazama, mafuta yakawa yanakwisha. Ikabidi ajaribu kutua jangwani. Magurudumu yakagonga jiwe, ndege ikajikita pua chini na kuwaka moto. Fuvu lilipasuka, pua ikapondeka, macho hayaoni, lakini alijivuta akatoka. Uchunguzi wa jeshi baadaye ulionyesha kuwa maelekezo aliyopewa hayakuwa sahihi kabisa.

Alikaa wiki kadhaa kipofu hospitalini Alexandria. Aliruhusiwa kutoka Februari 1941, na Aprili akawa anapigana angani Ugiriki, ambako wenzake wengi waliuawa. Maumivu ya kichwa yalipozidi akarudishwa Uingereza.

Sasa hapa ndipo panaponigusa. Mwaka 1942 alikuwa ofisa ubalozini Washington. Mwandishi C. S. Forester akamwomba habari za vita, naye akaandika ile ajali. Agosti mwaka huo gazeti la Saturday Evening Post likaichapa kwa kichwa kinachosema kwamba alitunguliwa juu ya Libya. Hakutunguliwa na mtu, wala Libya hakufika. Lakini wakati wa vita nani angelipa pesa kusoma habari za rubani aliyepotea njia? Uandishi wake wote ulianzia hapo.

Simsafishi. Maneno yake ya chuki dhidi ya Wayahudi yanajulikana, na familia yake iliomba radhi mwaka 2020. Ila kwenye hili la ndege alijirekebisha. Katika Going Solo, kitabu cha mwaka 1986 kinachoeleza pia maisha yake ya Dar, aliandika wazi kwamba hakupigwa risasi siku ile. Alifariki miaka 4 baadaye.