Denis Burkitt: Daktari Askari wa Jicho Moja
Marehemu Dakta Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja angali mtoto. Katika Vita Kuu ya Pili alilitumikia jeshi kama daktari mpasuaji, hata huku Afrika Mashariki. Mwaka 1957, hospitalini Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Usaha wa mfupa kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Uvimbe huu ulishika pembe zote nne. Punde akamwona wa pili mjini Jinja. Akachunguza, akabaini ni saratani. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, akiuliza hospitali hadi hospitali. Baadaye watoto wengi walipona kwa dawa. Alifariki mwaka 1993.

Nanyi mlindao mpaka hapo Buteba: mtoto aliyevimba taya au kiungo hangoji kesho, afikishwe kwa daktari leo.