Julius Nyerere, Mwalimu Aliyekuwa Mwanafunzi

Sisi tunaokaa katika nchi ya Buha, Kasulu na Kibondo, twajua jambo hili. Kila mara huja kwetu walimu vijana waliotoka vyuoni, na wengine wao hawajui hata kusalimu kwa Kiha. Mwezi wa kwanza hufundisha kwa furaha. Baadaye huona ya kuwa watoto ni wengi, vitabu ni haba, mvua zimeharibu njia, na ndugu wako mbali. Ndipo moyo hupoa. Wengine huanza kuhesabu siku za kuhamishwa. Wengine hubaki, lakini hufundisha mwaka hata mwaka maneno yale yale ya daftari la zamani. Basi kwa ajili yao, na kwa ajili ya wainjilisti wetu ambao nao ni walimu, twaandika habari za Julius Kambarage Nyerere. Watu wengi wamkumbuka kuwa Rais wa kwanza wa nchi yetu. Leo twataka kumtazama akiwa na chaki mkononi.

Alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mwaka 1922. Baba yake alikuwa Chifu Burito, na mama yake aliitwa Mugaya. Hakuanza shule mapema. Alikuwa amekwisha kupata miaka 12 alipopelekwa Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huko nyuma alikuwa akichunga mifugo. Lakini alijifunza upesi, akapelekwa shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda, kujifunza kazi ya ualimu.

Alipotoka Makerere mwaka 1945, shule mbili za Tabora zilimtaka: shule ya serikali aliyosoma zamani, na shule ya misioni ya Mtakatifu Maria. Shule ya misioni ilikuwa na mshahara mdogo kuliko ile nyingine. Naye akaichagua hiyo. Hatusemi kwamba mshahara si kitu, maana mwalimu naye hula na kuvaa, na ana wazazi wa kuwatunza. Lakini twaona ya kuwa tangu siku ya kwanza hakuipima kazi yake kwa fedha peke yake.

Wakati ule Kasulu na Kibondo zilikuwa katika Jimbo la Magharibi, na makao makuu ya jimbo yalikuwa Tabora. Hivyo mji huo haukuwa mgeni kwa wazee wetu. Hapo mwalimu huyu kijana alifundisha mchana, na baada ya saa za shule akawafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Tena alipenda majadiliano. Alisimama mbele ya watu kushindana kwa hoja na walimu wa shule nyingine. Kwa njia hiyo akili yake haikulala. Mwalimu anayezungumza na watoto tu, wala hana mtu mzima wa kumpinga, huweza kudhani ya kuwa ajua yote.

Mwaka 1949 aliacha darasa kwa muda. Alikuwa na cheti cha ualimu, na kwa siku zile hicho kilikuwa kitu kikubwa sana. Angaliweza kutosheka nacho. Lakini akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Mtu aliyekwisha kuitwa mwalimu akaketi tena katika kiti cha mwanafunzi, akasoma historia, uchumi na falsafa, hata akapata shahada mwaka 1952. Baada ya kurudi, alishika chaki tena mwaka 1953, akafundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Mwaka 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa mkuu wake. Mwaka 1955 ilimpasa kuchagua kati ya siasa na shule, akaiacha kazi ya shule. Kwa hiyo miaka yake ya darasani haikuwa mingi. Hata hivyo watu hawakuacha kumwita Mwalimu, kwa kuwa tabia ya ualimu haikumwacha. Alipokuwa kwao hana kazi, alimfundisha padre mgeni lugha ya Kizanaki. Alipokuwa Rais mwenye shughuli nyingi, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia za Shakespeare, ya kwanza mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka 1967 aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Wala tusifiche upungufu. Mwaka 1974 iliazimiwa huko Musoma kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakawekwa kufundisha huku wakijifunza kazi yenyewe. Watoto wengi wakapata shule, na hilo ni jema kubwa. Lakini haraka ilikuwa nyingi, na vitabu vilikuwa vichache. Wale kati ya walimu hao ambao waliendelea kusoma waliinuka. Wale walioachwa pasipo msaada walichoka. Hapo twaona ya kuwa bidii ya mwalimu peke yake haitoshi. Yahitaji watu wa kumshika mkono.

Basi, mwalimu kijana uliye huku milimani, usingoje uhamisho ndipo uanze kukua. Tafuta kitabu kimoja, ukimalize. Jifunze Kiha kwa watoto unaowafundisha, nawe utakuwa mwanafunzi wao. Mwombe mwalimu mwenzako aketi nyuma ya darasa lako, akuambie palipo na kosa, usikasirike.

Nanyi wazee wa usharika, mwalimu mgeni akifika, msimwache peke yake katika nyumba inayovuja. Ezekeni paa. Mkaribisheni mezani. Mwulizeni habari za kazi yake, mkasikilize mpaka amalize. Labda neno lenu la jioni moja litamzuia asifunge sanduku lake.