Dakta Krapf na Kiswahili Kilichoachwa

Wanachama wenzangu, hapa Meru na kule Embu wengi wetu tunamjua Dakta Johann Ludwig Krapf kwa ajili ya ule mlima tu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliiona theluji ya Mlima Kenya, na huko Ulaya kuna wataalamu waliombishia. Mimi nataka kumweleza kwa kazi yake nyingine, inayotugusa kila tunaporudishiwa insha.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1810. Baada ya kuwa mmishonari Ethiopia, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huohuo mkewe, Rosina, na binti yao mchanga walifariki, naye mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea kujifunza lugha kwa wenyeji. Mwaka wa 1850 alichapisha kitabu cha sarufi. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, ilhali yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Sasa hapa pana jambo. Kiswahili alichokiandika ni Kimvita, cha Mombasa. Humo njia ni ndia, macho ni mato, kichwa ni kitwa. Si makosa hata kidogo. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake kwa lahaja hiyohiyo. Lakini wewe jaribu kuandika ndia katika mtihani uone kalamu nyekundu!

Kwa nini? Askofu Edward Steere alifika Unguja mwaka wa 1864, akaandika Kiunguja. Lahaja hiyo ilikuwa na miguu: misafara ya biashara iliibeba hadi Ujiji na Kongo, kisha serikali ya Wajerumani ikatumia Kiswahili Tanganyika, ofisini na shuleni. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua lahaja ya vitabu, Kiunguja kikachukuliwa, ingawa wamishonari wa Mombasa walitetea Kimvita. Mwaka wa 1930 ikaanza kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na vitabu vya shule vikawa vinapitia kwake kupata kibali. Basi mtoto wa Meru, ambaye kwao husema njira, akafundishwa njia, wala hakujua kwamba kuna ndia.

Hata hivyo, kwa maoni yangu Krapf hakuachwa kabisa. Waswahili walikuwa wakiandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Yeye alishikilia za Kirumi, na ndizo hizi unazosoma.