Sylvester Weaver: Fundi wa gitaa aliyelala miaka 32 bila jiwe

Mji wa Louisville, jimbo la Kentucky huko Marekani, wengi wetu tunaujua kwa Muhammad Ali tu. Kumbe kabla ya Ali kuzaliwa, mji huo ulishatoa bwana mwengine, Sylvester Weaver, ambaye sifa yake ilifukiwa miaka mingi.

Weaver, Mmarekani mweusi, alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Zama zile waimbaji wa bluzi wakirikodi kwa piano au bendi. Gitaa likionekana chombo cha mitaani. Oktoba 1923 mwimbaji Sara Martin, naye mtu wa Louisville, akarikodi na Weaver kwa kampuni ya Okeh, New York. Ndiyo santuri ya mwanzo ya bluzi inayojulikana ambayo mwimbaji kapigiwa gitaa. Wiki mbili hazijapita sana, Weaver akarikodi peke yake, bila mwimbaji, tuni zake mbili. Moja ikiitwa Guitar Rag.

Okeh wakamtumia pia kutafuta vipaji. Huko kwao Louisville akamsikia msichana mdogo, Helen Humes, na mwaka 1927 Helen akarikodi santuri zake za kwanza. Baadaye Helen akaja kuimba na bendi kubwa ya Count Basie.

Lakini mwaka huohuo Weaver akaachana na studio. Akarudi Louisville, akawa dereva na mtumishi wa nyumba ya matajiri. Mwaka 1936 bendi ya Bob Wills ikatoa Steel Guitar Rag, tuni iliyotokana na ile Guitar Rag. Ikavuma nchi nzima, na utunzi akaandikiwa mpigaji wa bendi hiyo, Leon McAuliffe. Mwenyewe yuhai, anaendesha gari la watu!

Sisi Siti binti Saad wetu alikwenda Bombay kurikodi mwaka 1928, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Ndiyo maana hata wajukuu waliozaliwa Muscat na Dubai wanaweza kumjua. Weaver hakupata wa kumwandikia mapema. Alifariki 1960, akazikwa Louisville, kaburi halina hata jina. Mwaka 1992 ndipo wapenzi wa bluzi wa mji huo walipomwekea jiwe.

Basi wazee wenye sahani za zamani makabatini, waambieni watoto nani alipiga na nani alitunga. Jina lisipotajwa nyumbani, mwengine atalichukua.